Je, Kila Alichokichagua Mtu Ndicho Alichokiridhia? Nadharia ya Wanauchumi Katika Mizani ya Fiqhi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Katika elimu zinazotawala maisha ya watu leo, elimu ya uchumi imeshika nafasi ya mbele. Kwayo hupangwa mikopo, ruzuku za mbolea na miradi ya kupunguza umaskini, na matokeo yake hufika mpaka vijijini kwetu hapa Sepuka. Nyuma ya mipango hiyo lipo swali moja la msingi: mwanadamu huchaguaje, na hayo anayoyataka ameyapata wapi? Jibu walilolitoa wanauchumi kwa miaka mingi limeathiri namna wakulima wetu wanavyotazamwa, na limepenya hata katika baadhi ya mawaidha. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kulichambua kwa insafu, tukichukua lililo sawa na kulirudisha lililokosewa.

Nadharia kwa ufupi

Nadharia yenyewe inasema hivi. Kila mtu ana matakwa yake aliyoyapanga kwa daraja, hiki akikipenda kuliko kile. Ana mali yenye mpaka, na mbele yake kuna bei. Basi katika vile anavyoviweza huchagua kinachompa manufaa makubwa zaidi. Mwaka 1938, mwanauchumi wa Kimarekani Paul Samuelson alipiga hatua nyingine. Alisema hatuna haja ya kuingia ndani ya moyo wa mtu kujua anachokitaka. Tutazame anachokichagua, kwani akiacha hiki na kuchukua kile hali vyote viwili anavimudu, ameshatudhihirishia matakwa yake.

Mwaka 1977, George Stigler na Gary Becker wakaongeza kwamba ladha na matakwa ya watu yachukuliwe kuwa hayabadiliki sana, wala hayatofautiani sana baina ya mtu na mtu. Mtu akibadilisha mwendo, sababu itafutwe katika bei na kipato, isitafutwe katika moyo wake.

Tukiri kwamba nadharia hii si ya kijinga. Imesaidia kueleza mambo mengi ya soko, kwa mfano kwa nini bidhaa ikipanda bei wanunuzi hupungua. Tatizo linaanza inapotoka katika kueleza bei na kutaka kumweleza mwanadamu mzima.

Wanyaturu katika vitabu vya uchumi

Msomaji asidhani kwamba maneno haya yako mbali nasi. Mwaka 1970 kilichapishwa kitabu cha mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold Schneider kuhusu uchumi wa Wahi, ambao ni kundi mojawapo la Wanyaturu wa hapa Singida. Schneider alikuwa miongoni mwa wataalamu waliodai kwamba nadharia ya uchaguzi inamfaa mkulima wa Kiafrika kama inavyomfaa mfanyabiashara wa Ulaya. Akawaeleza Wanyaturu kuwa ni watu wa hesabu. Mtama na uwele unaozidi hubadilishwa kwa mifugo, mifugo hutoa samadi ya kurutubisha shamba, na mifugo hiyo hiyo hutolewa mahari. Mke huongeza nguvu kazi, na nguvu kazi huongeza nafaka.

Kitabu hiki kina fadhila ambayo lazima itajwe. Kabla yake, tangu makala ya Melville Herskovits ya mwaka 1926, lilienea dai kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wanawapenda ng'ombe kwa mapenzi ya mila yasiyo na hesabu ya uchumi. Wakoloni wengi walilipenda dai hilo, kwa kuwa liliwapa hoja ya kupunguza mifugo ya watu kwa amri. Schneider alilipinga. Alionyesha kuwa mfugaji wa Singida ana akili timamu na anajua anachokifanya. Kwa hilo anastahiki shukrani.

Lakini aliyemtoa mtu katika tuhuma ya ujinga si lazima awe amemweleza sawasawa. Katika hesabu ya namna hiyo, ng'ombe wa mahari wanatoka kwa mume na ukoo wake kwenda kwa baba wa binti, na mchumi anaandika kwamba mabadilishano yamefanyika. Ni matakwa ya nani yaliyodhihirika hapo? Matakwa ya mwanamume mwenye zizi yameonekana. Ya binti hayamo daftarini, kwa sababu yeye ameingizwa upande wa mali. Fiqhi inaanzia mahali pengine kabisa. Mahari ni haki ya mke mwenyewe, kama ilivyobainishwa katika Suratun Nisaa aya ya 4, wala si thamani anayolipwa baba. Mwenye kuandika kwamba jamii fulani imechagua hili, kwanza aulizwe ni nani katika jamii hiyo aliyepewa nafasi ya kuchagua.

Mas-ala ya alizeti shambani

Tuje sasa katika mas-ala inayowagusa watu wetu kila mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na ghala la mkulima wa kawaida hupungua sana kuanzia Januari hadi Machi, wakati alizeti na mtama bado viko shambani. Katika miezi hiyo hutokea mnunuzi mwenye fedha, akanunua mazao yangali mabichi. Tuchukulie mfano wa hesabu tu: mkulima anapokea shilingi 30,000 mwezi Februari kwa gunia ambalo mwezi Juni lingemletea shilingi 60,000.

Mwenye kushika nadharia tuliyoitaja atasema: mkulima huyu alikuwa na njia mbili, kuuza sasa au kungoja. Amechagua kuuza. Basi matakwa yake yamedhihirika. Yeye ni mtu anayeithamini shilingi ya leo mara mbili ya shilingi ya baada ya miezi minne, na kila mtu na ladha yake. Biashara imemnufaisha mnunuzi na muuzaji, kwani asingenufaika asingeuza.

Hukumu hii ina kasoro kubwa. Imechukua hali tatu zilizo tofauti ikazitia katika kapu moja na kuliita matakwa. Hali ya kwanza ni ya mtu aliyeridhia kweli. Ya pili ni ya mtu aliyesukumwa na dharura. Ya tatu ni ya mtu aliyeshindwa na nafsi yake. Wote watatu wameuza gunia kwa bei moja, na kwa mwenye kutazama kitendo peke yake ni kitu kimoja.

Ikhtiyari na ridhaa

Wanavyuoni wetu waliliona jambo hili karne nyingi zilizopita. Katika Suratun Nisaa aya ya 29, Allah (S.W.) amekataza kuliana mali kwa batili, akaivua biashara inayotokana na kuridhiana. Tazama kwamba lililowekwa sharti ni kuridhiana, wala si kutokea kwa mabadilishano tu.

Wanausuli wa Kihanafi walipojadili mlango wa ikrahi, yaani kulazimishwa, walitofautisha baina ya maneno mawili ambayo watu huyachanganya: ikhtiyari na ridhaa. Ikhtiyari ni kukusudia upande mmoja na kuuacha mwingine. Ridhaa ni moyo kulipenda jambo na kutulia nalo. Mtu aliyeshikiwa upanga akaambiwa auze nyumba yake, akauza, ikhtiyari anayo ijapokuwa imeharibika, kwani amepima mauti na kuuza, akachagua lililo jepesi. Lakini ridhaa hana. Kwa hiyo kwao uuzaji huo ni fasidi, na anayo haki ya kuuvunja au kuupitisha ikrahi ikiondoka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mauzo ya aliyelazimishwa bila ya haki hayasihi tangu mwanzo. Madhehebu zimekhitalifiana katika hukumu, lakini hakuna iliyosema kwamba kwa kuwa mtu kachagua, basi karidhia.

Atauliza muulizaji: njaa si upanga, na mnunuzi wa alizeti hakumtisha mtu. Jibu ni kwamba swali hili pia limetangulia. Imepokewa katika Sunan Abi Daud, kwa isnadi ambayo ndani yake yumo mtu asiyejulikana, katazo la mauzo ya mwenye kudhikika. Imamu Al-Khattabi (aliyefariki mwaka 388 H/998 M) alilifasiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtu kulazimishwa kwa nguvu, na mauzo hayo ni batili. Ya pili ni mtu kuelemewa na deni au matumizi hata akauza mali yake kwa bei duni. Katika hali hii ya pili mauzo yanasihi kisheria pamoja na karaha, na uungwana wa dini unataka mtu huyo akopeshwe, apewe muda au asaidiwe mpaka apate nafasi. Basi fiqhi haikuufuta mkataba wa mkulima wa Februari, wala haikuubariki. Imesema umesihi, na imemwambia mnunuzi kwamba hali ya mwenzake inamhusu.

Upo mfano mwingine ambao wanafunzi wa madrasa huusoma bila ya kuzingatia uzito wake. Katika zaka ya mazao, wanavyuoni wa Kishafi wameshurutisha zao liwe ni chakula cha kutegemewa, na liwe linaliwa katika hali ya ikhtiyari. Ndiyo maana mtama na uwele wetu unaingia katika zaka, na hazikuingia mbegu za mwituni ambazo watu huzila mwaka wa ukame, kama mbegu za handhal zilizotajwa katika vitabu. Mtu akizitafuna mwaka wa njaa, faqihi hasemi kwamba hicho ndicho chakula anachokipendelea. Anauliza kwanza: alikula katika hali gani? Ikiwa swali hilo linaulizwa katika mbegu za mwituni, vipi lisiulizwe katika gunia la alizeti?

Ushahidi wa wanauchumi wenyewe

Insafu inatutaka tuseme kwamba wanauchumi wenyewe wameanza kulirudia jambo hili. Amartya Sen, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1977, alionyesha kwamba mtu wa nadharia ile, asiyejua ila kupanga matakwa yake na kuyafuata, ni mpungufu wa akili ya kijamii. Herbert Simon alipata tuzo ya Nobel mwaka 1978, na Daniel Kahneman mwaka 2002, kwa kazi zilizobainisha kwamba uwezo wa mtu wa kupima mambo una mipaka na huteleza.

Ushahidi ulio karibu nasi umetoka Kenya. Wakulima wa mahindi wa magharibi ya nchi hiyo walionekana wakiuza wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kisha wakinunua nafaka miezi ya baadaye bei ikiwa juu. Mtazamaji wa juu juu atasema hawana subira. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walieleza kilichotokea wakulima walipopewa mkopo wakati wa mavuno: waliweka mahindi ghalani, wakauza baadaye na wakapata zaidi. Subira walikuwa nayo. Walichokikosa ni fedha ya kukidhi haja za wakati ule. Mkopo wenyewe ulikuwa wa riba, na hilo hatulikubali, lakini ushahidi uliopatikana unasimama.

Katika Busia, nchi hiyo hiyo, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu mbolea. Wakulima wengi walisema watainunua, na ulipofika wakati wa kupanda hawakuwa na fedha. Walipopewa fursa ya kuilipia mara tu baada ya mavuno, kabla fedha haijatoka mikononi, na kufikishiwa bila ya gharama, walionunua waliongezeka. Hawa shida yao ilikuwa nyingine. Ilikuwa ni kuahirisha, jambo ambalo wanavyuoni wa tarbiya wanaliita taswifu na kulihesabu katika maradhi ya nafsi.

Basi tafiti hizi mbili, ukiziweka pamoja, zinatofautisha mwenye dharura na mwenye kushindwa na nafsi. Na tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwenye dharura hatibiwi kwa mawaidha, na mwenye taswifu hatibiwi kwa mkopo.

Matakwa hulelewa

Linabaki dai la Stigler na Becker kwamba ladha zichukuliwe kuwa zimetulia. Hapa tofauti yetu nao ni ya msingi. Imamu Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H/1111 M), katika kitabu cha kuilea nafsi ndani ya Ihya, aliwarudi waliodai kwamba tabia haibadiliki. Alitoa hoja kwamba hata mnyama hubadilika kwa kufunzwa, farasi akatii na ndege wa mwituni akazoea mkono wa mtu, sembuse mwanadamu. Kwake, mtu hulifanya jambo kwa kujikalifisha, likawa mazoea, kisha likawa tabia, mwishowe akalipenda. Huko ndiko matakwa yanakotoka. Anayekusudia kutoa mkono wake haukunjuki siku ya kwanza.

Imamu Ash-Shatibi (aliyefariki mwaka 790 H/1388 M) akasema katika Al-Muwafaqat, kwa maana yake, kwamba kusudio la sharia ni kumtoa mukallafu katika utumwa wa matamanio yake, ili awe mja wa Allah kwa hiari kama alivyo mja Wake kwa lazima. Kwa mwanauchumi, matakwa ndiyo mwanzo wa hesabu na hayaulizwi. Kwa faqihi, matakwa yenyewe yana hesabu, na mtu ataulizwa aliyalea vipi.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Baadhi ya waandishi wa uchumi wa Kiislamu wamemwondoa mtu wa nadharia ile mwenye ubinafsi, wakaweka mahali pake Muislamu wa vitabuni asiyedanganya, asiyefanya israfu na anayetoa kila anapoombwa. Timur Kuran amewakosoa kwa hilo katika kitabu chake cha mwaka 2004, na katika nukta hii hoja yake ina nguvu. Fiqhi haikujengwa juu ya dhana kwamba watu ni wema. Imejaa masharti ya mashahidi, rehani, vipimo na khiyari, kwa sababu inamjua mwanadamu alivyo.

Yanayotupasa

Kutokana na hayo, tunawausia ndugu zetu maimamu, wanafunzi na wafanyabiashara mambo manne.

Kwanza, wapo wahubiri ambao kila mkulima akiuza mapema humtuhumu kwa kukosa tawakkul au kwa ubadhirifu. Huku ni kuichukua hukumu ya nadharia tuliyoikosoa na kuivika kanzu. Kabla ya kuhukumu, tuulize kama mtu ameuza kwa ajili ya unga wa watoto, au kwa ajili ya ngoma ya harusi.

Pili, tuwafundishe watu mlango wa salam. Kuuza alizeti ya shamba maalumu kabla haijakomaa, kwa sharti la kuiacha mpaka ikomae, kumekatazwa, kwani ikipigwa na ukame mnunuzi atakuwa amelipa fedha kwa kisichokuwepo. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla, akawaelekeza iwe kwa kipimo kinachojulikana mpaka muda unaojulikana. Kwa madhehebu yetu, fedha yote ikabidhiwe pale pale katika kikao cha mkataba, sifa za zao zitajwe, na lisifungwe na shamba la fulani. Bei ya salam inaweza kuwa chini ya bei ya mavuno, na hapana ubaya, maadamu mnunuzi hakuigeuza dhiki ya mwenzake kuwa mtego.

Tatu, kipimo kinachojulikana maana yake ni kilo kwenye mizani. Gunia la lumbesa halijulikani kiasi chake, na anayelishurutisha kwa mkulima mwenye njaa amekusanya dhulma mbili. Na asome Suratul Mutaffifin.

Nne, tuiondoe dharura yenyewe kwa kadiri ya uwezo. Wenye kudaiwa kwa ajili ya haja ya halali ni miongoni mwa wanane wanaostahiki zaka. Wenye nafasi wanaweza kuweka waqfu au kutoa qardhi hasana ya mwezi Februari inayorudishwa kwa kiasi kile kile mwezi Juni. Serikali ilitunga Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2005, na fikra ya kuhifadhi zao likangoja bei ni njema. Muislamu achunge tu kwamba fedha anayokopa kwa stakabadhi hiyo isiwe ya riba.

Tukifanya hivyo, mkulima wetu atakapofika sokoni mwezi Juni na kutaja bei yake, hapo ndipo mchumi ataweza kuandika kwamba amechagua, na faqihi akaandika kwamba ameridhia.

Wallahu a'lam.